Saa ya Wilsdorf na funzo kwa wanaosaka vyeti

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule ya upili siku hizi akutajie saa ya mkono ya kifahari, yamkini jina la kwanza kumtoka kinywani litakuwa Rolex. Atalitaja hata kama hajawahi kuishika saa yenyewe wala hajui hutengenezwa wapi. Atalitaja kwa sababu amelisikia katika nyimbo za vijana, ameiona saa hiyo mikononi mwa waheshimiwa, na huenda ameiona vibandani jijini Nairobi ikiuzwa kwa bei ya chakula cha mchana, jambo ambalo lilipaswa kumtia shaka papo hapo. Hata hivyo, ukimwuliza ni nani aliyelipa jina hilo uzito, atanyamaza.

Leo nimeazimia kuyasimulia maisha ya mtu huyo, Hans Wilsdorf, aliyeaga dunia mwaka wa 1960. Sifanyi hivyo kwa minajili ya kuwatia vijana tamaa ya saa ambayo bei yake huweza kuzidi mshahara wa mwaka mzima wa mwalimu wa shule ya msingi. Nafanya hivyo kwa kuwa katika maisha yake kuna jambo moja linalotuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kenya moja kwa moja, nalo ni maana ya mtihani na thamani ya cheti.

Wilsdorf alizaliwa tarehe 22 Machi 1881 katika mji wa Kulmbach, jimbo la Bavaria, nchini Ujerumani. Alipotimu umri wa miaka 12 alikuwa tayari amefiwa na baba na mama. Familia yake ilikuwa na biashara ya vifaa vya chuma, na kwa desturi za wakati ule ingetarajiwa kwamba watoto wangekua wakiingojea. Ndugu za wazazi wake waliamua vingine. Waliiuza biashara hiyo, wakazitumia fedha zake kuwalea na kuwasomesha mayatima wale, na Hans akapelekwa shule ya bweni mjini Coburg.

Wapo watakaosema kwamba mayatima walinyang'anywa urithi wao. Mimi nauona uamuzi ule kwa jicho tofauti. Hapa kwetu tumeshuhudia mara nyingi jamaa wakigawana shamba la marehemu, huku mwanawe akifukuzwa shuleni kwa kukosa karo. Jamaa za Wilsdorf walikigeuza kilichoachwa na marehemu kuwa elimu, na elimu hiyo ndiyo iliyomfikisha kijana yule alikofika. Shuleni alionyesha ubingwa katika masomo mawili, hisabati na lugha. Wanafunzi wanaodhani kwamba lugha ni somo la kujazia ratiba na wazingatie hapo, kwa maana kazi iliyomwingiza katika ulimwengu wa saa aliipata kwa sababu ya lugha.

Baada ya masomo alihamia Geneva, nchini Uswisi, akafanya kazi katika kampuni ya wafanyabiashara wa lulu. Mwaka wa 1900 alikwenda La Chaux-de-Fonds, mji ambao watu wake wengi waliishi kwa kutengeneza saa, akaajiriwa na kampuni ya Cuno Korten iliyouza saa nchi za nje. Mshahara wake ulikuwa faranga 80 kwa mwezi. Kazi yake ilikuwa kuandika barua za Kiingereza za kampuni. Isitoshe, kila siku alipaswa kuzitia ufunguo saa za mfukoni, mamia kwa mamia, na kuhakikisha kwamba zinakwenda sawasawa. Ilikuwa kazi ya kuchosha ambayo barobaro mwingine angeitoroka kabla ya mwezi kuisha. Ila kwa kuzishika saa nyingi kiasi hicho, nzuri na mbovu, alijifunza kuzitofautisha, na akajua kwa nini moja huchelewa na nyingine haichelewi.

Mwaka wa 1903 alivuka bahari akaenda London. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 24, alianzisha kampuni ya kuuza saa pamoja na shemeji yake, Alfred Davis. Kampuni hiyo iliitwa Wilsdorf na Davis. Iliagiza mitambo kutoka Uswisi, ikaitia ndani ya vifuko vya dhahabu na fedha, kisha ikawauzia masonara, nao masonara wakaandika majina yao wenyewe kwenye nyuso za saa hizo. Mnunuzi hakujua kamwe kwamba kulikuwa na mtu aitwaye Wilsdorf.

Ni vyema hapa nieleze hali ya saa ilivyokuwa enzi hizo, maana bila hivyo msomaji hataona ujasiri wa mtu huyu. Mwanamume mwenye heshima zake alibeba saa mfukoni, ikining'inia kwenye mkufu. Saa ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, sawa na bangili. Mafundi nao walikuwa na hoja nzito za kuipinga. Walisema kwamba mtambo wa kutosha mkononi lazima uwe mdogo mno, na mtambo mdogo hauwezi kwenda kwa usahihi. Walisema pia kwamba mkono haukai mahali pamoja, hivyo mtikiso utauvuruga mtambo, vumbi litapenya, jasho na mvua vitaleta kutu. Ni kweli kwamba baadhi ya wanajeshi wa Uingereza walikuwa wamezifunga saa mikononi katika vita dhidi ya Makaburu huko Afrika Kusini, kati ya 1899 na 1902, kwa kuwa askari mwenye bunduki hana nafasi ya kupekua mfuko. Lakini vita vilipokwisha, wengi walizirudia saa zao za mfukoni.

Wilsdorf alikuwa na imani kwamba mafundi wale walikosea. Aliiendea kampuni ya Aegler katika mji wa Bienne, nchini Uswisi, ambayo kiwanda chake kilikuwa na sifa ya kutengeneza mitambo midogo iliyo imara, akaagiza mitambo mingi kwa ajili ya saa za mkono. Mwaka wa 1908 alisajili nembo ya biashara kwa jina Rolex. Alitaka neno fupi lililo rahisi kutamkwa katika lugha yoyote, na dogo kiasi cha kuenea juu ya uso wa saa. Kidogo kidogo akaanza kuliandika kwenye saa alizowauzia masonara, mpaka wateja wakazoea kuliulizia wao wenyewe.

Kuhusu wepesi wa jina hilo, sisi wa Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu. Nchini Uganda, hasa mitaa ya Wandegeya karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, rolex ni chapati iliyoviringwa pamoja na mayai ya kukaanga. Huaminika kwamba wauzaji waliyafupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringwa, na yakaangukia papo hapo kwenye jina la saa ya Geneva. Mwanafunzi mwenye njaa hununua rolex yake asubuhi bila kuhitaji mkopo wa benki, na nina hakika ameshiba kuliko wengi wanaovaa ile nyingine.

Na tulirudie suala letu. Mtu anapokuwa na bidhaa inayotiliwa shaka, njia rahisi ni kuisifu mwenyewe kwa sauti kubwa. Wilsdorf hakuanza hivyo. Mwaka wa 1910 aliipeleka saa yake kwenye kituo rasmi cha kupima saa mjini Bienne, ikapimwa na kupewa cheti cha usahihi, ikawa saa ya kwanza ya mkono kupata cheti hicho nchini Uswisi. Hakutosheka. Aliipeleka nyingine kwenye kituo cha Kew, nchini Uingereza, ambacho kilikuwa na sifa ya kutomwonea mtu haya. Cheti cha daraja la A cha Kew kwa kawaida kilitolewa kwa saa kubwa, zikiwemo zile ambazo manahodha walizitegemea kujua mahali walipo katikati ya bahari.

Wanafunzi wa sayansi watapenda kujua mtihani huo ulikuwa wa namna gani. Saa iliwekwa chini ya uangalizi kwa muda wa siku 45. Ilipimwa katika mikao mitano tofauti: ikilazwa chali, ikilazwa kifudifudi, na ikisimamishwa kwa namna tatu mbalimbali. Tena ilipimwa katika hali tatu za joto, yakiwemo baridi ya barafu na joto kali. Sababu ni hii. Ndani ya saa mna kamani inayohifadhi nguvu, na mna gurudumu dogo linaloyumba huku na huku ili kuigawa nguvu hiyo kwa vipimo vilivyo sawa. Uzito wa gurudumu hilo usipokuwa umelingana vizuri pande zote, saa ikisimamishwa itakwenda tofauti na ilivyokwenda ikiwa imelala. Joto nalo hubadili ukubwa na ukakamavu wa chuma, saa ikachelewa au ikakimbia. Kwa hiyo saa isiyo madhubuti inaweza kukudanganya ikiwa mezani, lakini haiwezi kuwadanganya watu wanaoigeuzageuza, kuipoza na kuipasha moto kwa siku 45.

Tarehe 15 Julai 1914, saa ya mkono ya Rolex ilipewa cheti cha daraja la A huko Kew. Ilikuwa saa ya kwanza ya mkono kupata cheti hicho. Wiki chache baadaye Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka, na maelfu ya askari waliojibanza ndani ya mahandaki wakagundua yale ambayo wenzao walikuwa wameyagundua Afrika Kusini. Vita vilipokoma mwaka wa 1918, hapakuwa tena na mwanamume wa kuona aibu kufunga saa mkononi.

Mwaka wa 1915 kampuni ilibadili jina na kuitwa Rolex. Yamkini jina la Kijerumani lilikuwa mzigo nchini Uingereza wakati huo wa vita. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilianza kutoza ushuru wa thuluthi moja ya thamani kwa bidhaa za anasa kutoka nje, saa zikiwemo, na biashara ikawa ngumu. Wilsdorf alihamishia makao yake Geneva mwaka wa 1919, na kampuni ikasajiliwa huko mwaka uliofuata.

Lilibaki tatizo la maji na vumbi. Mwaka wa 1926 alitoa saa aliyoipa jina la Oyster, yaani chaza, yule mnyama wa baharini anayejifungia ndani ya kombe zake. Uso wa saa, mgongo wake na kile kichwa cha kutilia ufunguo vyote vilifungwa kwa hesi, pasiachwe mwanya wa maji kupita. Hataza ya kichwa cha kufunga kwa hesi haikuwa yake. Ilibuniwa na Waswisi wawili, Perregaux na Perret, naye akainunua. Alipokwisha kuipata aliwashawishi masonara waiweke saa hiyo madirishani mwao ndani ya vyombo vya maji, ikiendelea kwenda huku samaki wakiizunguka.

Wahenga walitufunza kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wilsdorf angewakatalia kwa adabu. Alijua kwamba kizuri kisichojulikana kinaweza kufia kabatini. Lakini, na hapa ndipo pana siri ya mafanikio yake, alikipitisha kwanza kwenye mtihani ndipo akakitembeza. Na mtihani uliompatia umaarufu mkubwa zaidi ulifanywa na msichana wa Kiingereza aitwaye Mercedes Gleitze.

Gleitze alikuwa karani jijini London aliyependa kuogelea. Tarehe 7 Oktoba 1927, baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindikana, alifaulu kuuvuka mlango wa bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza, akawa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kufanya hivyo. Furaha yake haikudumu hata wiki moja. Mwanamke mwingine, daktari kwa taaluma, alijitokeza na kudai kwamba amevuka kwa muda mfupi zaidi. Haikuchukua siku nyingi kabla ya daktari huyo kukiri kwamba alidanganya, na kwamba sehemu kubwa ya safari aliifanya akiwa ndani ya mashua. Alijitetea kwamba alitaka kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuudanganya ulimwengu.

Tafakari, msomaji, ni nani aliyeumizwa na udanganyifu ule. Daktari alitozwa faini, mambo yake yakaisha. Aliyeumia ni Gleitze, ambaye hakuwa amemdanganya mtu. Watu walianza kunong'ona kwamba ikiwa mmoja ameongopa, huenda na mwenzake ameongopa pia. Ikambidi arudi majini tarehe 21 Oktoba, mbele ya mashahidi na waandishi wa habari, wakati ambapo maji yalikuwa baridi mno. Wilsdorf alimwomba abebe saa ya Oyster, naye akaivaa shingoni kwa utepe. Aliogelea kwa zaidi ya saa 10. Baridi ilimzidi nguvu, akatolewa majini kabla ya kufika ng'ambo.

Kwa kipimo cha kufika, basi, Gleitze alishindwa siku hiyo. Lakini waliomwona akistahimili baridi ile kwa muda wote huo hawakuwa na shaka tena kwamba ile safari ya kwanza ilikuwa ya kweli. Mwaka uliofuata aliuvuka mlango wa bahari wa Gibraltar, jambo ambalo halikuwa limewahi kurekodiwa kufanywa na mtu yeyote. Saa nayo ilitolewa majini ikiwa bado inakwenda. Tarehe 24 Novemba 1927, Wilsdorf alinunua ukurasa mzima wa kwanza wa gazeti la Daily Mail la London kuitangaza. Tangu hapo Rolex haikuhitaji tena kujitambulisha.

Kulikuwa na kasoro moja iliyosalia. Kichwa kilichofungwa kwa hesi kililazimika kufunguliwa kila siku ili saa itiwe ufunguo, na mtu akisahau kukifunga, maji huingia. Mwaka wa 1931 kampuni ilipata hataza ya mtambo wenye kipande cha chuma kinachozunguka kwa uhuru kila mkono unapocheza, kikaijaza kamani nguvu bila mtu kugusa kitu. Haki na itendeke: saa ya mkono ya kujitia ufunguo haikuanzia kwa Rolex. Mwingereza John Harwood alikuwa ametangulia kupata hataza yake Uswisi mwaka wa 1924, ila chuma chake hakikuzunguka duara zima, na biashara yake haikudumu.

Jambo jingine ambalo mimi hulihesabu miongoni mwa mema ya Wilsdorf ni hili. Alipotaka kuwauzia watu wenye kipato cha chini, hakulitia jina la Rolex kwenye mtambo wa bei nafuu ili awahadae. Aliunda jina la pili, Tudor, lililosajiliwa mwaka wa 1926 na kupewa kampuni yake mwaka wa 1946. Saa za Tudor zilikuwa na vifuko imara vya Rolex, na mitambo kutoka kwa watengenezaji wengine. Mnunuzi alijua anachokinunua na kwa nini bei yake ni ndogo.

Mkewe, Florence, aliyemwoa mwaka wa 1911, alifariki mwaka wa 1944. Hawakuwa wamejaliwa watoto. Mwaka uliofuata Wilsdorf aliunda wakfu uliobeba jina lake, akaukabidhi hisa zake, na hadi leo wakfu huo ndio mmiliki wa kampuni ya Rolex. Sehemu ya mapato yake hutumika kwa misaada ya jamii na elimu, hasa Geneva, ambako daraja lenye jina lake lilifunguliwa mwaka wa 2012. Yatima aliyesomeshwa kwa fedha za biashara iliyouzwa alihakikisha kwamba biashara yake mwenyewe haitauzwa na jamaa yeyote.

Tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh walishuka kwa chombo kiitwacho Trieste hadi kina cha takriban mita 10,900 katika Bahari ya Pasifiki, mahali penye kina kirefu kuliko pote duniani. Nje ya chombo hicho ilikuwa imefungwa saa ya Rolex iliyotengenezwa maalum, nayo ikapanda juu ikiwa inakwenda. Wilsdorf aliishi kuipata habari hiyo. Alifariki Geneva tarehe 6 Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 79.

Nisingependa msomaji adhani kwamba namchora malaika. Wilsdorf hakuwa fundi. Akili yake ilikuwa ya mfanyabiashara, na mengi yanayohesabiwa kuwa yake yalitoka katika mikono ya mafundi wa Bienne ambao majina yao hayajulikani na wengi. Aidha, sifa ya kampuni yake imevutana na ukweli mara kwa mara. Mlima Everest ulipopandwa tarehe 29 Mei 1953, Rolex ilijitangaza kwa fahari, ilhali kampuni ya Kiingereza ya Smiths nayo ilikuwa imewapa wapandaji saa na ikajitangaza vilevile. Mpaka leo wapenzi wa saa hubishana ni ipi iliyofika kileleni.

Lililo zito zaidi ni yale yaliyotukia baada ya kifo chake. Mnamo Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkono inayoongozwa na kipande cha kwatzi kinachotetemeka kwa nguvu za betri. Katika muda wa miaka 15 hivi, wafanyakazi wa viwanda vya saa nchini Uswisi walipungua kutoka takriban 90,000 hadi elfu thelathini na kitu. Leo saa ya kwatzi ya shilingi mia chache hukosea kwa sekunde chache tu kwa mwezi, ilhali kipimo rasmi cha Uswisi huiruhusu saa ya kamani kuchelewa kwa sekunde 4 au kukimbia kwa sekunde 6 kila siku. Ndiyo kusema kwamba mwanafunzi mwenye saa ya soko la Gikomba anaweza kuwa na majira sahihi kuliko mheshimiwa mwenye Rolex.

Kwa nini basi watu wanaendelea kuililia? Kwa sababu saa iliyokuwa chombo imegeuka kuwa ishara. Sifa iliyochumwa Kew kwa siku 45 imesalia, huku haja iliyoizaa ikiwa imetoweka. Mwenye kuivaa leo haambii mtu saa ngapi. Anatuambia ana fedha kiasi gani. Vijana walipoandamana mwaka wa 2024 kuupinga Mswada wa Fedha, miongoni mwa mambo yaliyowakera ni viongozi waliojionyeshea utajiri wao hadharani, huku mwananchi akiongezewa kodi.

Na hapo ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi wenzangu. Yaliyoipata saa ndiyo yanayokipata cheti cha shule. Cheti nacho kilianza kama ushahidi kwamba mtu fulani amepimwa na watu wasiomjua, wakaona anaweza kazi. Siku hizi wapo wazazi na wanafunzi wanaokitaka kama pambo la kuvaa, na hawajali kama ndani mna mtambo. Mwaka wa 2016, wizi wa mitihani ulipodhibitiwa kwa ukali, watahiniwa waliopata alama ya A katika mtihani wa KCSE walikuwa 141 tu, kutoka zaidi ya 2,500 mwaka uliotangulia. Na mapema mwaka wa 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi ulikuwa umefichua watumishi zaidi ya 2,000 wenye vyeti vya kughushi. Hao ni kama zile saa za vibandani: uso ni uleule, jina ni lilelile, na ukifungua mgongo hukuti ulichokitarajia.

Najua hoja watakayonijibu nayo. Watasema kwamba mwanafunzi wa shule isiyo na maabara hawezi kushindana na wa shule ya kitaifa, na kwamba kumsaidia kidogo ndani ya chumba cha mtihani ni kumtendea haki. Ukosefu huo wa usawa ni wa kweli, na serikali inapaswa kuuondoa. Lakini dawa hiyo humwua mgonjwa. Mwajiri akishagundua kwamba vyeti vya wilaya fulani si vya kuaminika, hataviamini vyote. Msichana wa kijijini aliyesoma kwa taa ya koroboi na kupata B yake kwa jasho lake atakuwa Mercedes Gleitze wetu. Atalazimika kurudi majini mara ya pili kuthibitisha jambo alilokwisha kulifanya, kwa kosa la mtu mwingine aliyepanda mashua.

Kwa hivyo nina pendekezo moja kwa walimu wakuu, nalo halihitaji fedha za wizara. Shule jirani na zibadilishane karatasi za mitihani ya muhula, ili kazi ya kila mwanafunzi isahihishwe na mwalimu asiyemjua kwa sura wala kwa jina la baba. Zibadilishane pia wasimamizi. Alama zitashuka muhula wa kwanza, na wazazi watalalamika. Mwalimu mkuu na avumilie, awaonyeshe wanafunzi mahali walipokwama, awafunze upya, kisha awapime tena katika muhula wa pili. Watakapofika kwenye mtihani wa kitaifa watakuwa wamezoea kutazamwa na wageni, na alama watakayoipata itakuwa yao, iwe A au iwe C.